Hondohondo Ndani ya Mvule

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji!

Na msitu ubavuni!

Mji ukasema nini?

Nipe mbao!

Watoto wakasema nini?

Tupe uwanja!

Na ndege?

Ndege hakuulizwa!

Haya. Hakuulizwa. Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo, aliye nyuma aje mbele, niwasimulie yaliyompata ndege ambaye hakuulizwa.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipojenga miji yao wenyewe, palikuwa na mji ukiitwa Kwetango. Ulikuwa mji mdogo. Ulianzia kisimani, ukaishia kwenye jiko la mwisho. Na nyuma ya jiko la mwisho, hapo hapo, ulianza msitu wa Lukindo. Mama akimwaga maji ya vyombo, yanamwagikia msituni. Mtoto akiupiga mpira kwa nguvu, mpira umeshaingia msituni.

Jamani, mngeuona msitu ule! Mivule imesimama, mikangazi imesimama, mikuyu imejaa matunda mpaka chini pananata. Mvua ikikatika, majani yanaendelea kudondosha maji, to, to, to, mpaka mchana. Uyoga unachipua. Vipepeo wanakunywa kwenye vidimbwi vya njiani. Na harufu yake! Harufu ya udongo mbichi na majani yaliyooza, harufu tamu, ukiivuta unajisikia umefika nyumbani. Siku hizi nikipita dukani nikakutana na ubao mpya uliolowa mvua, naisikia kidogo. Kidogo tu. Halafu inapotea.

Ndani ya msitu huo walikua marafiki watatu. Alikuwepo Nungunungu, msichana mwenye meno makali na miiba mgongoni. Alikuwepo Kima, kijana wa mkia mrefu asiyejua kukaa kitako. Na alikuwepo Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama kofia iliyovaliwa puani.

Walicheza pamoja. Kima anafunga pembea kwa mitambaazi. Nungunungu anakata kipande cha gogo, kinakuwa kiti cha pembea. Hondohondo anakwenda juu mikuyuni, anawaangushia matunda, pu! pu! pu! Wanakula, wanatema mbegu, wanacheka. Jua likielekea kuzama mama zao wanaita. Wanajibu, "Tunakuja!" na hawaendi.

Wakakua.

Nungunungu akawa fundi wa mbao. Fundi hasa. Ukitaka kitanda, nenda kwa Fundi Nungunungu. Ukitaka mlango, nenda kwa Fundi Nungunungu. Meno yake yakigusa mti, kre-kre-kre-kre, mti unalala chini.

Kima akawa mkuu wa ngoma na michezo. Siku ya mapumziko anaubeba mji mzima, anaupeleka msituni. Ngoma, ndu-ndu-ndu! Mbio, pembea, mapishi, vifijo. Njia nyembamba zikapanuliwa zikawa barabara. Vichaka vikafyekwa watoto wapate pa kukimbilia.

Na Hondohondo? Hondohondo akabaki msituni. Akaolewa na Bwana Hondo, dume mpole mwenye sauti nzito. Alikuwa anaruka mti hadi mti, anakula matunda, anadondosha mbegu, na kila alipopita nyuma yake paliota mche.

Mji ukakua nao. Ukapita jiko la mwisho. Mji unataka vitanda, kre-kre-kre! Mji unataka madawati, kre-kre-kre! Mji umechoka na kazi, unataka kujiburudisha, ndu-ndu-ndu! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, wapenzi wasikilizaji. Mtoto anahitaji kitanda. Mtu mzima anahitaji kucheka. Lakini miti mikubwa ikapungua. Kimya kikapungua. Paa wakahama. Ndege wadogo wakahama. Vipepeo sijui walikwenda wapi.

Siku moja, mvua za kwanza zikinyemelea, Hondohondo alitua kwenye karakana ya Fundi Nungunungu.

"Hodi, shoga yangu."

"Karibu, shoga. Simama hapo pembeni, usikanyage rangi mbichi."

Hondohondo akasimama pembeni. Akangoja. Nungunungu alikuwa anauparuza mguu wa meza, hakuinua macho.

"Shoga, natafuta mti wenye pango. Mti mzee, wenye uwazi ndani. Msimu wa kutaga umefika."

"Si iko mingi?"

"Ilikuwa mingi."

"Zunguka zunguka, utaupata," akasema Nungunungu. Kre-kre. "Siku nyingine uje tukae tuongee. Leo nimebanwa."

Hondohondo akaenda kwa Kima. Akamkuta anawamba ngozi ya ngoma.

"Kaka, ngoma zenu zinafika mbali siku hizi."

"Eeh, zinafika!" Kima akafurahi. "Umezisikia?"

"Nimezisikia. Mume wangu anazisikia pia, anakimbia. Kuna sehemu mnayoweza kuacha iwe na utulivu?"

"Aah, dada! Umeshakuwa bibi kizee? Njoo na wewe ucheze!"

Hondohondo akamtazama. Akaruka, vuu, vuu, vuu, mpaka mbele kabisa, mahali mji haujafika. Akautafuta mti siku nyingi. Mwisho akauona mvule mmoja mkongwe, mpana, una pango ubavuni. Ndio uliosalia.

Sasa sikilizeni jinsi mahondohondo wanavyotaga. Mke anaingia ndani ya pango. Mume analeta udongo, mke anauzibia mlango kwa ndani, wanaacha ufa mwembamba tu. Humo mke anataga, anaatamia, na manyoya ya mbawa yake yananyonyoka. Hawezi kuruka. Hawezi kutoka. Chakula chote kinaletwa na mume, tunda baada ya tunda, kupitia ufa ule. Mume akichelewa, mke ana njaa. Mume asipokuja kabisa, hamna mke, hamna watoto.

Hondohondo akaingia. Mlango ukazibwa.

Huku mjini, Jumbe wa Kwetango alikuwa Nyati. Nyati kifua mbele, Nyati pembe juu. Akaita mkutano.

"Nataka ukumbi!" akanguruma. "Ukumbi wa sikukuu ya mavuno. Boriti ya kati iwe moja, ndefu, haina kiungo. Wageni wakija waseme, kweli, Kwetango kuna mji! Fundi, unaweza?"

"Naweza, Jumbe," akajibu Nungunungu. "Ila mti wa boriti kama hiyo haupo huku karibu. Nimesikia upo mvule mmoja, ndani kabisa."

"Nenda kaulete. Na wewe Kima, peleka ngoma. Mti kama huo hauangushwi kimyakimya."

Wakaenda. Mji mzima. Nungunungu mbele, Kima nyuma yake na ngoma na kamba za pembea, watoto, mama zao, vyungu vya wali, makelele. Njiani Nungunungu akapasua mbao za kuta za ukumbi, wakazibeba. Wakaufikia mvule. Wakauzunguka. Wakausifu.

Kima akapiga, ndu-ndu-ndu!

Nungunungu akauma, kre-kre-kre!

Bwana Hondo alikuwa njiani anarudi, mdomo umejaa matunda. Akasikia ngoma. Akageuka. Akarudi tena, akaona moshi na umati, akageuka tena. Asubuhi ikapita. Mchana ukaingia. Mkewe yumo ndani, hajala. Makinda yamo ndani, hayajala.

Mwishowe akatema matunda yote chini, akaja. Akatua kwenye tawi, akaimba kwa sauti yake nzito:

Fundi, fundi, tua meno chini,
mke wangu yumo mtini!
Fundi, fundi, nisikilize,
mke wangu yumo mtini!

Nani alimsikia? Ndu-ndu-ndu! Watu wanacheza. Kre-kre-kre! Vumbi la mbao linaruka.

Akashuka tawi la chini, akaimba tena. Itikieni nanyi!

Fundi, fundi, tua meno chini,

Mke wangu yumo mtini!

Hakuna. Ndu-ndu-ndu. Kre-kre-kre. Mtoto mmoja akamrushia kokwa, akidhani ndege anacheza.

Basi Bwana Hondo, yule mpole, yule anayekimbia ngoma, akakunja mbawa. Akajiachia kutoka juu kama jiwe. Pwaa! Akaipiga ngoma kubwa kwa mdomo wake. Ngozi ikapasuka. Ngoma ikabingirika bondeni, na yeye akabaki chini, anahema, mdomo umepata ufa.

Kimya.

Kimya kile! Msitu ulikuwa haujakisikia siku nyingi. Na ndani ya kimya ikatoka sauti, ndogo, inatoka kwenye mti wenyewe. Ko. Ko. Ko.

Nungunungu akayatoa meno kwenye mti.

Ko. Ko.

"Nani huyo?" akauliza.

Sauti ikajibu kutoka ndani, imedhoofu. "Mimi ndimi wa kuuliza. Nani anaukata mlango wangu?"

Nungunungu aliijua sauti ile. Angeijua popote. Ndiyo iliyokuwa ikimwita kutoka juu ya mikuyu, "Kinga mikono, naangusha!" Akakaa kwenye vumbi la mbao alilolitoa mwenyewe.

"Shoga," akasema. "Ni mimi."

Ndani ikagonga tena, ko. Halafu, "Nilijua. Nayajua meno yako. Nikawa najiambia, siye. Atakuwa fundi mwingine."

Kima akapanda mti kwa pupa, akafika kwenye ufa. "Dada! Nabomoa mlango, utoke!"

"Usibomoe! Nitoke nikaende wapi? Sina mbawa. Na watoto hawa hawana hata unyoya."

Hapo hapo mti ukalia. Kriiiii. Ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu. Upepo wa mvua ulianza kuvuma, na mvule ukainama kidogo upande wa bondeni. Mama mmoja akapiga yowe. Watu wakaanza kukimbia.

"Msikimbie!" Nungunungu akasimama. Hakuwa tena yule wa kwenye vumbi. "Zile mbao nilizopasua za ukumbi, zileteni! Zote! Kima, zile kamba za pembea zako!"

"Mbao za ukumbi?" Nyati akafura. "Zile ni mbao zangu za—"

"Jumbe, weka bega hapa, tafadhali. Mti ukianguka utamponda aliyemo ndani, tutabishana baadaye."

Nyati akatazama mti. Akatazama umati unaomtazama. Akaweka bega. Hilo lazima nimpe, aliweka bega, akasukuma mpaka kwato zikazama udongoni.

Mbao zikaletwa mbio. Nungunungu akazichonga ncha, akazichimbia, akauegemeza mvule, huku nguzo, kule nguzo. Kima akaruka na kamba, tawi hadi tawi, hup! hup! Akaufunga mvule kwenye mikangazi ya jirani, akakaza, akafunga tena. Upepo ukaja wote. Mvua ikaja yote. Mvule ukalia kriiii, kriiii, kamba zikakakamaa kama mishipa.

Ukasimama.

Bwana Hondo aliokota matunda yake kwenye matope, moja moja, akaruka kwa shida akampelekea mkewe. Siku hiyo hakuna aliyecheza. Watu walirudi mjini wamelowa.

Kuanzia kesho yake ngoma zilikaa kimya Kwetango. Nungunungu hakugusa mti. Alikwenda kila siku kukagua nguzo, akakaza iliyolegea, na alipomaliza alikaa chini ya ufa. Siku za mwanzo Hondohondo hakumsemesha. Nungunungu akakaa tu. Siku nyingine akaanza kuongea peke yake.

"Unakumbuka pembea ile iliyokatika, Kima akaangukia kwenye mzinga wa nyuki?"

Kimya.

"Alivimba mpaka mama yake akamwuliza, wewe mtoto wa nani?"

Ndani ikatoka sauti, kama kikohozi. Nungunungu akatega sikio. Hapana, kilikuwa kicheko. Kidogo, na kikakatika.

"Mmoja alikufa, shoga," akasema Hondohondo. "Siku ile ya ngoma. Alikuwa mdogo kuliko mwenzake, hakuiweza njaa."

Nungunungu aliinamisha kichwa, miiba yake yote imelala.

Msimu ukaisha. Mbawa za Hondohondo zikaota upya. Akaubomoa mlango kwa mdomo, ko-ko-ko, akatoka na binti yake. Mji ulikuwa umesimama mbali, kimya, watoto wamefunikwa midomo na mama zao wasishangilie.

"Baki," Nungunungu akamwambia. "Tutarekebisha."

"Siwachukii," Hondohondo akasema. "Wewe ni shoga yangu, na Kima ni kaka yangu. Lakini nikifumba macho nasikia meno. Acha niende ng'ambo ya mlima." Akaruka, vuu, vuu, vuu, mumewe kulia, binti kushoto. Hakugeuka.

Mvule ule haukutoa jani tena. Ulikauka umesimama.

Basi Nungunungu na Kima wakaenda kwa Jumbe. Walibishana, msiniulize! Nyati alitaka ukumbi wake. Kima alisema watoto wakifungiwa mjini wataugua. Nungunungu alisema watu hawawezi kulala chini.

"Sasa mnataka nini?" Nyati akafoka. "Kila mmoja anataka msitu!"

"Ndiyo maana tuugawane kwa heshima," akasema Nungunungu. "Upande huu wa mji, wacheze. Ngoma, pembea, mbio, wali, kila kitu. Bonde la kati nikate mbao, ila nikikata napanda, na mche ukiwa mwembamba siugusi. Ng'ambo ya kijito kile cha msituni, hakuna meno, hakuna ngoma. Anayetaka kwenda aende kwa miguu, polepole, amefunga mdomo."

"Na mti mzee wenye pango," Kima akaongeza, "uachwe popote ulipo. Hata kama uko katikati ya uwanja wangu."

"Na boriti yangu?"

"Nitakuungia mbili, Jumbe."

"Yenye kiungo!" Nyati akakunja uso. Akawaza sana. "Kiungo kisionekane."

"Kitaonekana," akasema Nungunungu. "Lakini hakitaachia."

Ikawa hivyo. Haikuwa rahisi. Wapo waliokata mti wa ng'ambo ya kijito kwa wizi. Wapo waliopiga ngoma ng'ambo, Kima mwenyewe akawafuata akawanyang'anya. Tena mapango hayatoki kwa mwaka mmoja, mti unahitaji kuzeeka. Kwa hiyo Nungunungu akachukua magogo, akayatoboa ndani kama mizinga ya nyuki, akaacha tundu, na Kima akayapandisha juu ya miti. Wakangoja.

Msimu ukaja, hakuna aliyeingia. Ukaja mwingine, wakaingia nyuki. Ukaja mwingine. Kima mkia ukaanza mvi. Nungunungu meno yakaanza kumwuma. Wakati mwingine walikaa wawili penye pembea, wakatazama watoto wa watoto, na mmoja akasema, "Matunda ya juu yalikuwa matamu zaidi," na mwenzake akasema, "Ndiyo," basi.

Asubuhi moja mvua za kwanza zikinyemelea, Nungunungu alikuwa bondeni anapanda miche. Akasikia, vuu. Vuu. Vuu. Akasimama na mche mkononi.

Ndege alitua kwenye mkangazi wa ng'ambo. Hondohondo kijana, wa kike. Akaingiza kichwa ndani ya gogo lililotobolewa, akakitoa. Akaingiza tena. Akatazama chini.

"Wewe ndiye Fundi?"

"Ndimi."

"Mama ametusimulia. Kwamba mna upande wa kelele, na upande wa kimya. Ameniambia, nenda kaone kama kweli, na kama si kweli, rudi."

"Na yeye? Yuko?"

"Yupo. Macho yamefifia, safari ndefu haziwezi. Anakusalimu sana wewe na mjomba Kima." Ndege akajifuta mdomo tawini. "Amesema nikuulize, bado mnatema mbegu ovyo?"

Nungunungu akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. "Mwambie tunatema. Mwambie tunafukia sasa."

Ndege akarudi kwenye gogo. Mumewe akaja na udongo mdomoni. Nungunungu akaweka mche chini, taratibu, akapeleka habari mjini kwa mnong'ono, nyumba hadi nyumba. Na siku ile ilikuwa ya mapumziko. Kima alikuwa ameshashika mikwiro ya ngoma. Akaiweka. Mji mzima wa Kwetango ukakaa nje, mabarazani, kwenye madawati na viti vya mbao za bonde la kati, hawasemi kitu, wanasikiliza ndege mmoja anavyoziba mlango wake kwa udongo.

Basi, wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mmelala, funzo ni hili. Msitu ulio karibu na mji ni wa kukata, ni wa kuchezea, na ni wa kuishi. Tukiutumia kwa jambo moja tu, au kwa yote mahali pamoja, tutaumaliza. Tupange pa kukata na kupanda, pa kucheza, na pa kunyamaza. Na kabla ya kuuma mti wowote, tubishe kwanza, tusikie kama kuna mtu ndani.

Hadithi yangu imefika ukomo wake. Aliyeipenda aondoke nayo, aliyechoka aiache hapa mkekani, nitaikunja pamoja na mkeka.